Nilibadilisha pedi za breki mwenyewe, nikagonga geti

Barua ya wiki hii imefupishwa kidogo. Aliyeiandika ameomba jina lake lisitajwe.

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mhasibu, nina mke na watoto wawili. Tunaishi Dar es Salaam, upande wa Kinyerezi, kwenye nyumba yetu ambayo bado haijaisha ila geti lipo. Nalitaja geti kwa sababu ndilo lililonifanya nikuandikie.

Baba yangu alikuwa fundi wa malori Korogwe. Alianza kama spana boi kwenye Bedford za mtu mwingine, akaishia na gereji yake chini ya mwembe, na wateja walimfuata kutoka Handeni na Lushoto. Mimi ni mtoto wake wa kiume pekee, lakini sikuruhusiwa kugusa kitu. Nikishika spana, ananipokonya. Siku moja, nikiwa na miaka 10 au 11, aliniambia mbele ya vijana wake, "Wewe una mikono ya karani, nenda kasome." Wakacheka wote. Nikasoma, na leo mimi ni karani kweli.

Mwaka 2019 nilinunua Toyota IST iliyotumika, ya 2004, yenye injini ya 1NZ. Tangu siku hiyo nina fundi mmoja tu, ana gereji yake Tabata. Sina ubaya naye. Usiku mmoja tulizimikiwa Chalinze tukitoka msibani Korogwe, akapanda lori usiku huohuo akatufuata, akatengeneza kwa tochi ya simu, na hakutaka zaidi ya nauli. Tatizo ni mimi. Nikisimama pale gerejini kazi yangu ni kutikisa kichwa. "Busi za mbele zimekufa." Natikisa kichwa. "Plagi zimechoka hizi." Natikisa. Wengine pale wanajua mimi ni mtoto wa fundi, basi naona aibu hata kuuliza busi ni kitu gani.

Mwaka jana nilimwachia gari kwa sababu lilikuwa linapiga kelele asubuhi. Akanipigia simu, akasema belti imechanika, ikikatika tutalala njiani. Nikatuma 85,000, belti na ufundi pamoja. Jumatatu nikamwambia mwenzangu ofisini kwamba nimebadilishiwa taiming belti, ile ya ndani ya injini. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema IST haina taiming belti, inatumia cheni, nimeliwa. Nilitafuta mtandaoni nikaona ni kweli, injini hiyo ina cheni. Sikumwambia fundi chochote. Nilikwenda Kariakoo nikanunua sanduku la spana la 210,000, nikaapa kwamba sitaliwa tena.

Sanduku lile lilikaa kwenye buti miezi minane bila kufunguliwa. Kila Jumamosi nina sababu. Mara jua, mara mvua, mara mgeni. Mwisho breki za mbele zikaanza kukwaruza, nikasema leo ndiyo leo. Nikaangalia video tatu, nikanunua pedi, nikapiga jeki. Binti yangu wa kidato cha pili akawa ananishikia nati kwenye kopo. Nilifungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi, nikarudisha pistoni ndani kwa klampu ya seremala, nikaweka pedi mpya, nikafunga, nikahamia upande wa pili. Saa tatu nzima. Mshauri, sijawahi kujisikia vile maishani. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia binti yangu, "Ingia, twende tukanunue soda."

Uwanja wetu una mteremko kuelekea getini. Gari likaanza kushuka, nikakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga maji. Tukagonga geti. Bampa likapasuka na taa ya kulia ikavunjika. Binti alikuwa amefunga mkanda, hakuumia, lakini alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo.

Fundi alikuja jioni. Akafungua magurudumu yote mawili, akaangalia, akafunga, akakaa kwenye usukani kidogo, akacheka, akasema, "Bosi, niachie mimi kazi hizi." Hakuchukua hela. Mke wangu aliniambia maneno machache tu: gari linalobeba watoto wangu usiliguse tena. Nilidhani yamekwisha. Wiki iliyopita, tukiwa mezani, binti akauliza, "Baba, siku ile tulikosea wapi?" Nikamwambia ale.

Swali langu ni hili. Mtu anapataje ujasiri wa kutengeneza gari lake mwenyewe nyumbani? Au nikubali tu kwamba mikono yangu ni ya karani, niuze sanduku?

Mikono ya Karani,
Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Wewe ni mhasibu, utanielewa nikisema kuna hesabu ndani yake hazijafungwa. Umeniuliza kuhusu ujasiri wa kutengeneza gari, lakini humo ndani nimewakuta baba, fundi, mke na binti, na kila mmoja kati yao amekuambia neno ambalo hukulijibu. Baba alisema una mikono ya karani, ukanyamaza. Fundi akasema belti, ukanyamaza, halafu akasema niachie mimi, ukanyamaza tena. Mke akasema usiliguse. Binti akauliza, ukamwambia ale.

Nianze na geti, maana naona ndilo linalokunyima usingizi, na ndilo lenye jibu fupi kuliko yote.

Mimi si fundi. Nilijifunza kubadilisha tairi nikiwa na miaka 50, kando ya barabara ya Bagamoyo, nikifundishwa na muuza madafu. Kwa hiyo nilimsomea fundi mmoja ninayemwamini kile kipande cha siku ya breki, bila kumwambia barua imetoka wapi. Nilipofika kwenye klampu ya seremala akanikatiza: "Hakupampu pedali." Nikamwomba anieleze polepole. Pedi mpya ni nene kuliko zile zilizokwisha, kwa hiyo ili ziingie lazima pistoni isukumwe irudi ndani ya kalipa, kama ulivyofanya. Ukishafunga kila kitu, pistoni bado imebaki kule nyuma, mbali na pedi. Mtu akikanyaga breki mara ya kwanza, mafuta ya breki yanafanya kazi ya kuisogeza tu, hayabani kitu, na pedali inakwenda chini vilevile kama ulivyoeleza. Ndiyo maana kabla gari halijasogea hata hatua moja, fundi hukaa kwenye usukani akakanyaga mara kadhaa, taratibu, mpaka pedali iwe ngumu. Halafu hutazama kikopo cha mafuta ya breki kama kiko kwenye mstari wake.

Sasa rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Fundi alifungua magurudumu yote mawili, akaangalia, akafunga, akakaa kwenye usukani kidogo. Hukuandika kwamba alibadilisha kitu. Hukuandika kwamba alitoa pedi akazigeuza, wala kwamba alikaza nati uliyoilegeza. Sikuwapo, na fundi wangu pia hakuwapo, kwa hiyo sitakuambia kazi yako ilikuwa safi. Nakuuliza tu: umewahi kumwuliza aliona nini mle ndani? Kicheko chake wewe umekisikia kama kile cha vijana wa chini ya mwembe. Huenda ndicho. Huenda pia alicheka kwa sababu na yeye aliwahi kugonga kitu kwa kosa hilohilo.

Usinielewe vibaya. Kwamba kosa lilikuwa dogo haina maana kwamba hatari ilikuwa ndogo. Kama uwanja wenu ungekuwa hauna geti, mngefika barabarani. Na mtoto alikuwa ndani. Hapo mke wako hajaongeza chumvi hata kidogo.

Lakini ndiyo maana nasita kidogo kwenye neno ujasiri. Mtu asiye na ujasiri hatii mkono kwenye breki siku ya kwanza anayofungua sanduku. Mwoga angebadilisha ea klina, yaani chujio la hewa ya injini, kazi ya dakika tano isiyohitaji kulala chini, akanawa mikono akaenda kupumzika. Wewe ulikaa miezi minane bila kugusa hata spana moja, halafu ukarukia kazi ambayo ikikosewa gari halisimami. Nilipolisoma hilo nilijiuliza: Jumamosi ile ulikuwa unamwonyesha nani? Saa tatu zile, na mikono myeusi mpaka viwiko, na furaha ile (ambayo naiamini kabisa, usiione aibu), sidhani ilikuwa ni ya pedi za breki tu.

Tuje kwenye belti. Nilirudi kwenye ukurasa huo mara kadhaa nikitafuta mahali fundi wako alipotamka neno "taiming", na sijapaona. Ulivyoandika, alikupigia akasema belti imechanika na ikikatika mtalala njiani. Neno taiming limetokea Jumatatu, ofisini, kinywani mwako. Mwenzako hakukosea: injini ya 1NZ inatumia cheni. Lakini injini hiyohiyo ina belti nyingine kwa nje, ile ambayo mafundi wengi wanaiita feni belti hata pale ambapo haizungushi feni yoyote. Ndiyo inayozungusha alteneta inayochaji betri, pampu ya maji na kompresa ya AC. Ikizeeka hupiga kelele, hasa asubuhi gari likiwashwa, na wewe mwenyewe umesema gari lilikuwa linapiga kelele asubuhi. Ikikatika, taa ya betri inawaka, pampu ya maji inasimama, injini inachemka, na ukilazimisha safari unaunguza gasketi. Hapo kweli mtalala njiani.

Sisemi hukuliwa. Mafundi wanaowala watu wapo, na 85,000 si mimi wa kusema kama ni bei ya haki, maana sijui aliweka belti gani na alifungua nini. Nasema tu kwamba hukumu uliyomhukumu mtu aliyekufuata Chalinze usiku imesimama juu ya neno ambalo pengine hakulisema. Ofisini kwako mtu akileta hesabu za namna hiyo ungemrudishia akalete stakabadhi. Fungua boneti uitazame hiyo belti, iko ubavuni mwa injini na inaonekana bila kufungua kitu. Au mwulize kwa upole, "Fundi, ile belti ya mwaka jana ilikuwa ipi?" Swali hilo lina hatari yake: anaweza kujisikia umemshuku, na uhusiano wa miaka yote hiyo ukaingia ubaridi. Kunyamaza nako kuna hatari yake, na umeshaanza kuilipia. Sanduku la 210,000 ulilinunua kwa hasira ya belti hiyo.

Na lile neno la baba. Nimeligeuza huku na huku kwa siku kadhaa. Ulilisikia ukiwa mtoto, watu wakicheka, kwa hiyo limekaa kwako kama tusi, na sina haki ya kukuambia halikuumiza. Ila nataka uitazame picha ile kwa macho ya mwanamume aliyeanza kama spana boi. Ni mtu aliyelala chini ya Bedford kwenye vumbi la watu wengine, kucha zake hazikuwahi kutakata hata siku ya Idi au Krismasi, na ada ya mtoto wake ilitoka kwenye oili hiyohiyo. Neno lake halikuishia kwenye mikono ya karani. Uliliandika lote: "nenda kasome." Je, alikuwa anakuvua kitu au anakupa? Au yote mawili, kama wazazi wetu wengi walivyotupa, zawadi na kibao kwa mkono mmoja?

Umeandika baba "alikuwa" fundi, sikuelewa kama amestaafu au ametutoka. Kama ametutoka, nakupa pole, na hapo utabaki na picha hiyo peke yako uitafsiri. Kama yupo, una jambo moja ambalo watu wengi wanaoniandikia hawana tena, yaani simu. Sikuambii mpigie umwulize kuhusu siku ile, wazee wengi hawakumbuki maneno yaliyotuchoma. Lakini ungeweza kumpigia ukamwambia tu, "Mzee, nimebadilisha pedi za breki nikasahau kupampu, nimegonga geti." Hatari yake ni wazi, anaweza kucheka na kulirudia neno lilelile. Anaweza pia kukusimulia ya kwake. Sijawahi kukutana na fundi mzee asiye na hadithi ya lori lililomponyoka.

Mkeo sasa. Alisema gari linalobeba watoto wangu usiliguse tena. Umelichukua neno hilo kama lilivyo na kulifungia kabatini. Mimi ningependa kujua amekataa nini hasa. Amekataa breki? Amekataa wewe kufanya kazi bila mtu wa kukagua? Au amekataa kule kumwita mtoto aingie kwenye gari ambalo hata wewe hujalijaribu? Hayo ni makatazo matatu tofauti, na la tatu naliunga mkono kwa mikono yote miwili. Pengine akiulizwa kwa utulivu atasema plagi hazimsumbui, ila chochote kinachohusu kusimama na kukata kona kiende kwa fundi. Pengine atasema hapana kwa vyote. Lolote atakalosema, gari ni lenu, na hofu yake inatokana na kitu alichokiona, si kitu alichokiwaza.

Nikigusia sasa njia zenyewe, naziona kama tatu, na unaweza kuzichanganya.

Ya kwanza ni kuanza upya nyumbani, ukiwa chini kabisa. Kuna kazi ambazo ukizikosea gari halisogei, basi. Ea klina ni mojawapo. Kusugua vichwa vya betri ni nyingine, ukianza kufungua upande wa hasi na kuufunga mwisho. Wipa, balbu, upepo wa matairi, kusoma kijiti cha oili gari likiwa limesimama sehemu tambarare. Hizi zinaonekana za kitoto kwa mtu aliyekwishagusa kalipa, na hapo ndipo ugumu wake ulipo kwako: hazimwonyeshi mtu yeyote kitu. Kutoka hapo watu hupanda kwenye plagi. Kwenye 1NZ zipo nne, kila moja chini ya koili yake iliyoshikwa na boliti ndogo. Unafungua injini ikiwa baridi, unaanza kuzirudisha kwa vidole ili zishike uzi sawasawa, spana inakuja mwisho. Ukilazimisha plagi iliyoingia upande, nyuzi zinaliwa, na plagi ya bei ndogo inageuka kuwa kazi ya kichwa cha injini.

Halafu oili. Injini yako huchukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, na dumu linalouzwa ni la lita 4. Wengi humimina lote "lisibaki". Libakishe, upime kwa kijiti. Ruba ya filta ya zamani wakati mwingine hung'ang'ania kwenye injini, na ukifunga filta mpya juu yake oili itamwagika barabarani. Oili chafu usiimwage kwenye mtaro, kaiache gerejini wanakokusanya.

Hapa kwenye oili ndipo inapoingia habari ya kulala chini ya gari, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Jeki ni ya kunyanyulia, haishiki uhai wa mtu. Kabla mwili haujaingia chini, gari liwe limekaa kwenye stendi mbili za chuma, sehemu ngumu na tambarare, hendibreki juu, na magurudumu yaliyobaki chini yamewekewa vizuizi. Tofali la saruji si stendi, hupasuka bila kukuaga. Uwanja wako una mteremko, umesema mwenyewe, na kama una mchanga kama nyumba nyingi za upande huo, stendi inazama huku wewe uko chini unatazama nati. Sanduku lako la 210,000 sidhani lilikuja na stendi. Kama uwanja haufai, basi haufai, na oili ibaki kwa fundi bila mtu kujisikia mdogo.

Njia ya pili ni ile ambayo nadhani itakuuma zaidi: kwenda Tabata, si kama bosi, bali kama spana boi. Mwambie fundi wako kwamba ungependa kushinda naye Jumamosi kadhaa, kwenye gari lako mwenyewe, yeye akielekeza na wewe ukifungua, na umlipe kwa muda anaoupoteza. Faida yake ni kwamba kuna jicho la pili, na jicho la pili ndilo lililokosekana siku ya geti. Busi, ile ruba ya kwenye viungo vya chini ya gari, utaishika mkononi, hutaitikisia kichwa tena. Hasara ni kwamba si kila fundi ni mwalimu. Anaweza kukuonea haya akakufanyia kila kitu mwenyewe, au akaona unataka kumnyang'anya riziki. Na wewe utalazimika kusema, mbele ya watu wanaojua ni mtoto wa nani, "Hiki ni kitu gani?" Kama hilo ni zito mno, vyuo vya VETA vinafundisha ufundi magari. Kuna kile cha Chang'ombe, ulizia kama wana kozi fupi inayolingana na saa zako. Kule kila mtu amekuja kwa sababu hajui.

Ya tatu ni kuacha. Naiweka hapa kwa heshima yote, maana barua nyingi za namna hii huandikwa kana kwamba kuacha ni kushindwa. Piga hesabu unazozijua: sanduku, geti, bampa, taa, Jumamosi zako. Kama ulichotaka ni kuokoa pesa, huenda miaka kadhaa ipite kabla hujarudisha hiyo hela, na mhasibu mwenzako angekushauri ufunge kitabu. Unaweza kubaki mteja, lakini mteja wa aina nyingine: anayeomba aonyeshwe spea ya zamani kabla haijatupwa, anayeandika tarehe na kilomita kwenye daftari, anayeuliza neno asilolijua. Kuuliza hakuhitaji sanduku.

Kama ulichotaka ni kuacha kutikisa kichwa, basi njia ya pili au hata ya tatu inaweza kukufikisha bila wewe kumiliki spana. Na kama ulichotaka ni zile saa tatu, mikono myeusi na mtoto akishika kopo la nati, hapo sijui kama kuna kitu kingine kitakachoziba. Ni wewe unayejua ni lipi kati ya hayo, na si lazima liwe moja.

Kuhusu ujasiri wenyewe, fundi wangu nilimwuliza swali lako kama ulivyoliandika. Alifikiri kidogo, akasema yeye mpaka leo akimaliza breki za mteja huzunguka na gari uwanjani polepole kabla hajalitoa nje, mkono mmoja kwenye hendibreki. Nikamwuliza amefanya kazi hiyo miaka mingapi. Akasema ishirini na kitu.

Limebaki swali la mezani. Binti hakuuliza nani alikosea, aliuliza tulikosea wapi, na amejiweka humo ndani pamoja nawe. Ukelele ule ulikuwa wake, lakini ndiye aliyelirudia jambo hilo kwa hiari yake, wakati watu wazima wote wa nyumba hiyo wamelinyamazia. Sijui kama anataka kujua gari, au anataka kujua kama ni salama kuingia tena ukiwa kwenye usukani, au anamsikitikia tu baba yake. Jibu la kiufundi sasa unalo, linachukua dakika mbili, na unaweza kulieleza injini ikiwa imezimwa, yeye mguu wake kwenye pedali, aisikie ilivyo ngumu.

Niandikie tena ukipenda, hata kama ni kunijulisha kwamba sanduku limepata mteja.